Dalili ya Mvua ni Mawingu: Mazoea Yanayomfichua Mchezaji na Mwalimu

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huu hutufaa kila siku, maana mtu asiyejua kuyasoma mawingu hulowa. Lakini una upande wa pili ambao aghalabu hatuufikirii: sisi wenyewe ni mawingu machoni pa wenzetu. Mtu yeyote atendaye kazi ile ile mbele ya watu wale wale, siku baada ya siku, hutoa dalili ya jambo atakalolifanya kabla hajalifanya. Wanaomtazama huzijua dalili hizo, na mara nyingi huzijua kabla yeye mwenyewe hajazitambua.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, nao ni futiboli ya Kimarekani. Mwanachuo ana haki ya kuuliza: mchezo huo unahusiana nini na chuo cha ualimu? Jibu letu ni kwamba katika mchezo huo watu wamefanya kazi kubwa ya kuandika, kuhesabu na kupima mazoea ya mtu mwenye kuamua, na matokeo ya kazi hiyo yamo wazi kwa kila anayetaka kujifunza. Isitoshe, lugha yetu imekwisha kuziunganisha kazi hizi mbili, kwani kiongozi wa timu twamwita mwalimu.

Maoni tunayoyatetea ni haya: mwalimu ambaye maswali yake yanatabirika hawezi kujua kama wanafunzi wake wanalijua somo au wanamjua yeye tu.

Mchezo wenyewe ulivyo

Timu mbili, zenye wachezaji 11 kila moja, hukutana katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Mpira wake umechongoka ncha mbili, nao huchukuliwa kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Baada ya kila jaribio mchezo husimama, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na kandanda yetu. Mchezaji wa kandanda huamua huku anakimbia. Katika futiboli ya Kimarekani, shambulio huchaguliwa kwanza kutoka katika orodha iliyoandaliwa, wachezaji wakaelezwa, ndipo mpira ukaanzishwa. Timu moja huanzisha mashambulio 60 hivi katika mchezo mmoja. Anayeongoza shambulio uwanjani huitwa kotabeki. Yapo mashambulio ya kila aina, lakini tukiyafupisha tunaona kwamba kotabeki ana njia mbili: amkabidhi mwenzake mpira akimbie nao, au aurushe kwa mkono umfikie mwenzake aliye mbele.

Walinzi nao hawana budi kuchagua. Wakisogea karibu ili wamzuie mkimbiaji, huacha nafasi nyuma yao. Wakitawanyika ili wauzuie mrusho, humwachia mkimbiaji njia. Kwa hiyo thamani ya shambulio haitokani na ubora wake peke yake. Hutokana pia na kutojulikana kwake. Shambulio zuri lililotambuliwa mapema huwa baya, na shambulio la kawaida lisilotazamiwa huweza kuleta ushindi.

Dalili nyingine hutokana na hali ya mchezo yenyewe. Katika jaribio la tatu, ikiwa imebaki yadi moja, watazamaji wengi hutazamia mbio. Zikiwa zimebaki yadi 12, hutazamia mrusho. Dalili za namna hiyo haziepukiki kabisa. Lakini ziko dalili zinazotokana na mazoea tu: timu ambayo kila inaposimama kwa mpangilio fulani hukimbilia upande wa kulia, kiongozi ambaye kila akishindwa kwa mbio hujaribu mrusho, mchezaji ambaye huegemea nyuma kidogo anapojua kwamba mpira utarushwa. Hizi ndizo dalili zinazotafutwa na wapinzani.

Miongoni mwa watu walioifanya kazi ya kuzisoma iwe kama somo la darasani ni Paul Brown. Huyu alifundisha timu ya shule ya sekondari ya Massillon, katika jimbo la Ohio, kuanzia mwaka 1932 hadi 1940, na baadaye akaiongoza timu ya Cleveland kuanzia mwaka 1946. Aliwaketisha wachezaji wake darasani, wakaandika maelezo katika madaftari, wakafanya mitihani ya kuandika, na filamu za michezo zikatumika kumpa kila mmoja alama zake. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, lakini swali ni lile lile: mtu huyu, akiwa katika hali hii, hufanya nini?

Timu iliyosomwa kama kitabu

Mfano ulio wazi ulionekana tarehe 26 Januari 2003, katika fainali ya ligi hiyo, iitwayo Super Bowl, mjini San Diego. Timu ya Oakland ilikuwa na mashambulizi makali msimu huo, na kotabeki wake, Rich Gannon, alikuwa amechaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Wapinzani wake walikuwa timu ya Tampa Bay, iliyoongozwa na Jon Gruden. Sasa Gruden huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Oakland kuanzia mwaka 1998 hadi 2001. Alipoondoka, Oakland waliendelea na mfumo ule ule aliouacha, pamoja na maneno mengi ya siri ambayo kotabeki huwapigia wenzake kelele uwanjani.

Katika mazoezi Gruden alisimama mwenyewe mahali pa kotabeki, akamwiga Gannon, ili walinzi wake wamzoee. Siku ya mchezo, walinzi wa Tampa Bay waliambiana waziwazi kwamba mashambulio wanayoyaona ndiyo yale yale waliyoyafanyia mazoezi. Mipira mitano aliyoirusha Gannon ilidakwa na wapinzani, na mitatu kati yake ikarudishwa moja kwa moja hadi golini. Tampa Bay walishinda kwa pointi 48 kwa 21.

Tuangalie vizuri kilichotokea. Wachezaji wa Oakland hawakupoteza nguvu wala mbio zao kwa usiku mmoja. Walichopoteza ni siri. Mambo waliyoyafanya kwa ustadi msimu mzima yalikuwa yamekwisha kusomwa na mtu aliyeujua mwandiko.

Kugeukageuka nako huwa mazoea

Msomaji atasema: basi dawa ni kubadilisha. Ni kweli, lakini kubadilisha nako kuna mtego wake.

Mwaka 1928 mtaalamu wa hisabati John von Neumann alithibitisha kwamba katika shindano la watu wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, kila mmoja anaweza kujikinga kwa kuchanganya vitendo vyake kwa kiasi maalumu. Mchanganyiko huo sharti uwe wa bahati nasibu, kiasi kwamba kitendo kilichopita kisitoe habari yoyote kuhusu kitendo kijacho.

Mwaka 2009 wachumi wawili wa Marekani, Kenneth Kovash na Steven Levitt, walichunguza mashambulio 125,000 ya ligi hiyo ili waone kama viongozi wa timu huifuata kanuni hiyo. Waliona kasoro mbili. Kwanza, timu zilirusha mpira mara chache kuliko ilivyozifaa. Pili, zilikuwa na tabia ya kugeuza: zikiisha kukimbia huelekea kurusha, zikiisha kurusha huelekea kukimbia, zaidi ya inavyotazamiwa katika bahati nasibu. Wachunguzi hao walikadiria kwamba timu ambayo ingerekebisha makosa hayo ingepata zaidi ya nusu ya ushindi mmoja kila msimu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Viongozi hao hulipwa fedha nyingi, wana wasaidizi, na wanajua fika kwamba kutabirika ni hatari. Hata hivyo akili ya binadamu inapojitahidi kuwa bila utaratibu hujitungia utaratibu mwingine. Anayeogopa kurudia hugeuza kila mara, na mwenye kumtazama huijua hata zamu ya kugeuza. Mazoea yana taabu, wala hayaondoki kwa nia njema peke yake.

Fainali ya tarehe 1 Februari 2015 huko Arizona ilitoa somo jingine. Zikiwa zimebaki sekunde 26, timu ya Seattle ilikuwa nyuma kwa pointi 24 kwa 28 dhidi ya New England, lakini ilikuwa na mpira yadi moja tu kutoka mstari wa goli. Seattle walikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu aliyejulikana nchi nzima, na watazamaji wengi walitazamia apewe mpira. Badala yake kotabeki Russell Wilson aliurusha. Malcolm Butler, mlinzi kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, aliruka mbele ya mlengwa akaudaka mpira, na mchezo ukawa umekwisha.

Tangu siku ile watu wameulaumu uamuzi huo kwa sababu haukutazamiwa. Sisi twaona kwamba lawama hiyo imekosa shabaha. Butler alieleza baadaye kwamba alipowaona wachezaji wa Seattle wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake, aliukumbuka mpangilio huo kutoka mazoezini, ambako shambulio kama hilo lilikuwa limemshinda. Kwa hiyo Seattle waliwashangaza watazamaji, lakini hawakumshangaza mtu aliyepaswa kushangazwa. Waliibadilisha amri huku dalili ikibaki ile ile. Tofauti hiyo tutaihitaji tutakapoingia darasani.

Shambulio lililojulikana na bado likafaulu

Kabla ya hapo yatubidi tujibu hoja moja yenye nguvu. Vince Lombardi aliiongoza timu ya Green Bay kuanzia mwaka 1959 hadi 1967, akatwaa ubingwa mara tano, katika misimu ya 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967. Shambulio lake kuu lilikuwa moja: walinda njia wawili huchomoka katika safu, hukimbilia pembeni, na mkimbiaji huwafuata nyuma. Kila mpinzani alilijua. Lombardi alilifundisha bila kuchoka, na John Madden, ambaye naye alikuja kuwa mwalimu wa timu mashuhuri, alisimulia kwamba aliwahi kumsikiliza Lombardi akilieleza shambulio hilo moja kwa muda wa saa nane.

Je, mfano huu haubomoi yote tuliyoyasema? La. Umbo la shambulio hilo lilijulikana, lakini tundu la kupitia halikujulikana hata kwa mkimbiaji mwenyewe. Alifundishwa kumtazama mwenzake aliye mbele: mpinzani akisukumwa nje, apite ndani, akisukumwa ndani, apite nje. Utaratibu ulikuwa imara, na ndani ya utaratibu huo palikuwa na uamuzi uliohitaji macho na akili.

Yafaa mwanachuo akumbuke kwamba Lombardi, kabla ya umaarufu wake, alikuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya St. Cecilia huko Englewood, New Jersey, akifundisha fizikia, kemia na Kilatini. Huenda ndiyo sababu alijua tofauti kati ya mambo yanayopaswa kuzoeleka na mambo yanayopaswa kufikiriwa.

Darasani

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Kwanza tuseme waziwazi kwamba mwanafunzi si mpinzani wa mwalimu, wala darasa si uwanja wa kuviziana. Mwalimu hapati faida mwanafunzi anaposhindwa. Lakini mtoto humsoma mwalimu wake kwa bidii ile ile ambayo mlinzi humsoma kotabeki, na ana sababu nzuri: anataka asiaibike. Ukimpa njia mbili za kulifikia jibu, moja ya kufikiri na nyingine ya kuitazama dalili, atachukua iliyo fupi. Hafanyi hila, anafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya.

Dalili tunazozitoa ni nyingi. Tutataja tano ambazo mwanachuo atakutana nazo katika mazoezi ya kufundisha.

Ya kwanza ni neno la kumalizia. Mwalimu anasema, "Umbo lenye pande tatu linaitwa pembe...?" na darasa zima linaitikia, "Tatuuu!" Mtoto asiyejua umbo ni nini anaitikia kwa nguvu sawa na anayejua, maana jibu limekwisha kutolewa ndani ya swali.

Ya pili ni sauti. Mwalimu anauliza kwa mshangao, "Popo ni ndege?" Watoto wanajibu, "Hapanaaa!" Mwalimu anafurahi. Hebu na aulize kwa sauti ile ile, "Mbuni ni ndege?" Atashangaa kusikia "Hapanaaa!" ya pili. Ndipo atakapojua kwamba walikuwa wakiijibu sauti yake.

Ya tatu ni zamu. Wanafunzi wanasoma aya moja moja kufuata madawati. Mtoto wa dawati la tano anahesabu aya, anaifanyia mazoezi ya kwake kimoyomoyo, anaisoma bila kukwama, kisha anafunga kitabu kwa akili hata kama kingali wazi mbele yake. Mwalimu anaandika kwamba anajua kusoma.

Ya nne ni swali la "Una uhakika?" Walimu wengi huliuliza pale tu jibu linapokuwa na kosa. Kwa hiyo neno hilo limegeuka kuwa tangazo la kosa. Mwulize mtoto aliyejibu sawasawa, nawe utamwona akiliacha jibu lake zuri na kutafuta jingine.

Ya tano, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni kichwa cha zoezi. Ubaoni pameandikwa "Kutoa," na maswali yote 20 yaliyo chini yake ni ya kutoa. Mtoto hana haja ya kusoma habari za Juma na maembe yake. Anazichukua namba mbili, anatoa ndogo katika kubwa, anapata 20 katika 20. Wiki tatu baadaye maswali yakichanganywa, mtoto huyo huyo anainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, hili ni la kujumlisha au la kutoa?" Kila aliyewahi kufundisha hesabu amelisikia swali hilo. Twapenda kulichukua kuwa ni uzembe wa mtoto. Kwa kweli ni habari kuhusu sisi: tulimpa dalili kila siku, na leo tumemnyima.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, wa Chuo Kikuu cha South Florida kilichoko Tampa, waliwafundisha wanachuo kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi la kwanza lilifanya maswali ya umbo moja hadi yakaisha, ndipo likahamia jingine. Kundi la pili lilifanya maswali hayo yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata wastani wa asilimia 89, na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye yalipewa mtihani. Kundi la kwanza lilishuka hadi asilimia 20. La pili lilipata asilimia 63.

Twaomba mwanachuo azitafakari namba hizo. Kama tungelikagua darasa siku ya mazoezi, tungelimsifu mwalimu wa kundi la kwanza na kumwonya yule wa pili.

Hoja ya utaratibu

Wako walimu wenye uzoefu watakaotupinga kwa kusema kwamba mtoto mdogo anahitaji utaratibu, na kwamba darasa la wanafunzi 80 haliwezi kuendeshwa bila mazoea. Twakubaliana nao kabisa. Namna ya kuingia darasani, kugawa madaftari, kunyamaza mwalimu anapoinua mkono, kuandika tarehe juu ya ukurasa: hayo yote na yawe yale yale kila siku, hata mtoto ayafanye bila kufikiri. Hilo ndilo shambulio la Lombardi. Kadhalika, siku ya kwanza ya kufundisha kutoa, mazoezi ya kutoa peke yake yanafaa, maana mtoto hajapata cha kuchanganya.

Tunachokipinga ni kuitabirisha sehemu ile inayotaka akili. Jina la atakayeulizwa, aina ya hesabu inayofuata, ukweli au uongo wa jambo linalosemwa: hayo mtoto asiweze kuyajua kwa kututazama usoni.

Njia zake hazina gharama. Andika majina ya wanafunzi katika vipande vya karatasi, uvitie katika kopo, uchomoe kimoja baada ya kuuliza swali. Usiamini kwamba utaweza kuchanganya kwa kichwa, maana tumekwisha kuona jinsi viongozi wa timu kubwa walivyoshindwa. Na jina likiisha kuchomolewa, lirudishwe ndani ya kopo, ama sivyo aliyejibu atajiona amemaliza kazi yake ya siku. Katika kila zoezi la hesabu changanya maswali ya wiki zilizopita, wala usiandike kichwa kinachotaja kanuni. Neno "Una uhakika?" lifuatwe na "Eleza kwa nini," nalo liulizwe kwa jibu sahihi na kwa jibu lenye kosa pia.

Lakini na tuwe waangalifu tusije tukawa kama Seattle, tukabadilisha amri huku dalili ikibaki. Mwalimu anaweza kuacha kuuliza kwa zamu, lakini akawa anamtazama mtoto atakayemwuliza kabla ya kumaliza swali. Anaweza kuuliza "Una uhakika?" kwa kila jibu, lakini akalisema kwa upole likiwa sahihi na kwa ukali likiwa na kosa. Watoto watauona uso kabla ya kulisikia neno.

Kujipeleleza

Timu za futiboli ya Kimarekani zina desturi moja ambayo tungependa kuiona vyuoni mwetu. Mbali na kuwapeleleza wapinzani, hujipeleleza zenyewe. Hukaa na filamu za michezo yao na kuhesabu: tulipokuwa katika hali hii tulifanya nini, mara ngapi? Hutafuta mazoea yao kabla wengine hawajayapata.

Mwanachuo hana haja ya filamu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa na karatasi yenye safu nne. Aandike aliyeulizwa alikaa wapi. Kama alikuwa ameinua mkono. Kama swali lilibeba jibu lake. Na kama jibu lilirudiwa na darasa zima kabla ya mtu mmoja kulitoa. Dakika 40 zinatosha. Baada ya somo someni karatasi hiyo pamoja bila kulaumiana. Mwalimu aliyedhani kwamba ameuliza darasa zima huenda akakuta kwamba amewauliza watoto saba wa mbele.

Kadhalika, maswali yaandikwe katika andalio la somo. Bill Walsh, aliyewahi kufanya kazi chini ya Paul Brown, aliiongoza timu ya San Francisco kutwaa ubingwa katika misimu ya 1981, 1984 na 1988, naye alijulikana kwa kuandika orodha ya mashambulio yake ya mwanzo kabla ya siku ya mchezo. Alijua kwamba katika kelele na wasiwasi mtu hurudia aliyoyazoea. Wako wanaodhani kwamba kuandaa kunamfanya mtu atabirike. Sisi twaona kinyume: asiyeandaa ndiye atabirikaye, kwani anapobanwa huyakimbilia mazoea yake.

Mtoto tunayemfundisha atakaa siku moja mbele ya mtihani wa mwisho. Siku hiyo mwalimu wake hatakuwamo chumbani. Karatasi haina sauti ya mshangao, haianzi neno ili imalizwe, haina uso wa kutazamwa, wala haitaji juu ya swali kwamba hili ni la kutoa. Ikiwa kwa miaka yote alikuwa akitusoma sisi, atakuwa hana cha kusoma. Twawasihi wanachuo waanze kazi hii sasa, wakiwa bado wana wenzao wa kukaa nyuma ya darasa na kuwaambia waliyoyaona.